Gari Lilikuwa Kimamba

Dokta Letisia alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda cha mgonjwa, mkono wa kushoto ukiminya mfuko wa dripu, wa kulia ukitafuta mapigo shingoni mwa Paulina. Mapigo yalikuwepo, membamba, yakipotea na kurudi. Tumbo la mwanamke yule lilikuwa limekaza kama ngoma, na ndani ya kope zake hamkuwa na wekundu wowote. Mimba ilitunga nje ya kizazi, ikapasuka. Damu ilikuwa inamwagikia ndani.

Dawa ya hali ile ni moja, kisu. Kituo cha Afya Kidoma, kando ya barabara kuu nje kidogo ya Mikumi, kilikuwa na chumba cha upasuaji chenye taa nzuri na kitanda kipya kilichozinduliwa kwa ngoma na hotuba. Mtaalamu wa usingizi ndiye hakuwepo. Alihamishwa, na mwingine hakuletwa. Damu ya kundi la Paulina nayo haikuwepo. Kilichobaki ni gari la wagonjwa na lami mpaka Morogoro.

"Mpigie tena Mudi," Letisia alimwambia Nesi Magreth.

Magreth akapiga, akaweka simu kwenye spika. Muziki ulisikika kabla ya sauti ya dereva.

"Mudi, uko wapi na gari?"

"Kimamba, dokta." Akashusha sauti. "Nimeleta viti na maturubai ya sherehe ya sendoff ya binti wa Katibu wetu. Bado sijamaliza kushusha."

"Acha hapo hapo, uje."

"Nimemwambia Katibu kuna dharura. Kasema nimalize kwanza, halafu nikafuate masufuria ya pilau."

Letisia akamwashiria Magreth akate simu. Mlinzi alikuwa ameshatumwa stendi kutafuta gari la kukodi. Nje, Yeremia, mume wa Paulina, aliyemtoa mkewe Kisanga kwa bodaboda akiwa amemkumbatia asianguke, alikuwa katikati ya barabara akiyapungia mkono malori. Malori yalimpigia honi, yakampita.

"Gari limefika?" Paulina aliuliza.

"Linakuja, mdogo wangu."

"Nasikia baridi."

Hakusema tena. Mlinzi alirudi na gari la kukodi, Noah, Magreth akiwa ameshamfunika Paulina shuka usoni. Gari la wagonjwa lilifika baada ya hapo, likinuka pilau, na juu ya machela yake kulikuwa na maua ya plastiki yaliyosahaulika. Mudi hakushuka. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani.

Katika chumba kile Letisia alikuwa amepokea majeruhi wa malori, wa mabasi, na wakulima waliokanyagwa na tembo wakilinda mahindi. Wengi walimfia mikononi na aliwalilia wachache. Huyu hakumlilia. Alichobaki nacho ni hasira kavu, yenye jina la mtu.

Kesho yake asubuhi mtu huyo alimwita ofisini. Bwana Wenceslaus, katibu wa kituo, ndiye aliyekuwa akipanga magari, mafuta na zamu za watu.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, binti yangu. Kaa." Alimsogezea soda. "Kule Kisanga ndugu wa marehemu wana maneno. Wewe wanakuheshimu. Mchana tunakwenda kuzika. Utawaeleza kitaalamu kwamba mgonjwa alicheleweshwa nyumbani."

"Hakucheleweshwa. Alifika anaongea."

"Kitaalamu," Katibu alirudia taratibu, kama anayemfundisha mtoto kutamka. "Kuna zahanati huko milimani haina mtu kabisa. Nimekuwa nikikutetea usipelekwe."

Letisia alizaliwa Vidunda, milima haikumtisha. Aliitazama shingo ya Katibu ilivyofurika kwenye kola. Kumshtaki huyu kwa wakubwa wake kungeishia kwa wakubwa wake. Alichokitaka ni kumwona amesimama mbele ya wenye msiba, hana pa kuuweka uso.

"Nitasema," akajibu.

Katibu angekuwa na hofu hata kidogo, angeshtushwa na wepesi wa jibu lile.

Kisanga walikwenda na magari mawili. Katibu na Letisia walipanda gari jeupe la utawala. Mudi alifuata na gari la wagonjwa, limebeba mchele, sukari na mashada ya maua ya rambirambi. Wakazika kwenye shamba la ukoo, mahindi yakiwa yameshavunwa na mabua yamelala chini. Mchungaji alipomaliza sala na kaburi kujaa, mshereheshaji akamkaribisha daktari, awaeleze wafiwa alivyoondoka mpendwa wao.

Letisia akashika maiki. Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimpendeza.

"Poleni, wazazi wangu. Paulina hamkumchelewesha. Alifika akiwa hai, anajua jina lake. Kilichotakiwa ni gari la kumfikisha Morogoro. Gari lilikuwa Kimamba, limebeba viti vya sendoff." Akageuka, akamwelekeza macho mtu aliyekaa mstari wa mbele. "Sendoff ya binti yake Katibu. Yeye ndiye aliyelituma, na alipoambiwa kuna mgonjwa akakataa lisirudi."

Kilio kilikatika. Watu wote walimgeukia Wenceslaus, na kwa kitambo kifupi Letisia alionja utamu aliokuwa akiutamani tangu jana.

Katibu aliinuka bila haraka, akafungua kifungo cha koti. Aliichukua maiki mkononi mwa Letisia kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Daktari amesema kweli tupu. Gari lilikuwa Kimamba," alisema kwa unyonge. "Viti vilikuwa vya shughuli yangu, sikatai. Nililetewa, nikashukuru. Sikujua vimeletwa na gari la wagonjwa. Kijana alilichukua bila ruhusa, apate chochote. Hatua zitachukuliwa. Yule pale."

"Mwongo huyu," Letisia alisema, lakini aliyemsikia ni Katibu peke yake.

Mudi alikuwa amesimama ubavuni mwa gari, kofia mkononi. "Katibu, si wewe uliye..."

Makoleo na majembe yaliyofukia kaburi yalikuwa bado mikononi mwa watu. Yeremia alikuwa wa kwanza. Letisia alikimbilia katikati yao akipiga kelele kwamba siye, siye huyu, akasukumwa, akaanguka, akatambaa kati ya miguu. Mchungaji alikuwa analia. Walipochoka, vioo vya gari la wagonjwa vilikuwa chini, matairi yametobolewa, na Mudi amelala chali kwenye mabua, anakoroma damu.

Letisia alimshika taya kwa mikono miwili, akalivuta mbele ili ulimi usizibe njia ya hewa. Pumzi ikapita. Alipolegeza kidogo ikakwama, akavuta tena.

"Katibu, nipe gari," alisema. "Sasa hivi."

"Lile ni gari la utawala, dokta. Halibebi wagonjwa, utaratibu unajulikana." Alikuwa akijifuta vumbi mabegani. "Nimeshapiga simu polisi Mikumi. Watakuja."

Yeremia alisimama juu yao, koleo likining'inia mkononi. Alimtazama Mudi, kisha daktari. "Dokta," aliuliza kwa sauti ya chini, "si wewe uliyetuambia?"

Letisia akalivuta tena taya, pumzi ikapita.

Mshereheshaji alikohoa kwenye maiki. Jua lilikuwa kali, wageni wengine walitoka mbali. Aliomba utulivu, akasema ratiba iendelee, akatangaza mashada.

"Tunaanza na Katibu wetu, kwa niaba ya kituo."

Wenceslaus akapokea shada, akapita kando ya Letisia. Viatu vyake vilipita karibu sana, kiasi kwamba Letisia angeweza kumdaka kifundo cha mguu na kumwangusha kifudifudi. Alijiona akifanya hivyo. Alivihisi vidole vyake vikikaza kwenye ile shingo. Lakini vidole vyake vilikuwa chini ya taya la Mudi, na kila alipofikiria kuviondoa, pumzi ilikwama.

Katibu aliinama, akaweka maua juu ya udongo mbichi, akabaki ameinamisha kichwa mpaka mpiga picha alipomaliza.