Usimtaje Mtu Mbele ya Karani

Isihaka bin Mohamedi hakusomea uwakili popote. Alikuwa mkalimani wa mradi wa karanga kule Nachingwea, na mradi ulipokufa Wazungu wakafunga virago, yeye akaondoka na taipureta isiyo na herufi R na kitabu cha sheria kilichoanzia ukurasa wa arobaini. Hayo yalitosha. Akajenga kibanda Mbekenyera, akafunga tai, watu wakamwita Wakili, naye hakumkatalia mtu.

Kwenye mahakama ya liwali wakili haruhusiwi kufungua mdomo, kwa hiyo kazi yake aliimaliza kibandani kabla ya kesi. Somo lilikuwa moja.

"Mbele ya karani usimtaje mtu. Akiuliza nani, sema sikumbuki. Akirudia, nawe rudia. Jina likishaingia kwenye daftari la karani halitoki tena."

"Hata la mke wangu?" aliuliza Ausi, ambaye mbuzi wake walikula ufuta wa jirani.

"Kwani una mke?"

Ausi akafikiri. "Sikumbuki."

"Utashinda."

Akashinda. Kwa miaka saba Isihaka alishinda kesi kwa midomo ya watu wengine, huku yeye amesimama nje dirishani, tai imemkaba, maneno yamemjaa kifuani. Mwaka 1957 serikali ilipotangaza kwamba safari hii mjumbe wa Mbekenyera kwenye baraza la wilaya atachaguliwa na watu, aliona zamu yake imefika. Kule mjumbe anasimama na kusema mwenyewe. Akapiga hesabu ya wateja wake: themanini na kitu. Akaenda kupimwa suti.

"Baba Rabia," mkewe Swaumu akamwambia, "si usubiri kwanza uchaguliwe?"

"Nimeshachaguliwa. Bado kupiga kura tu."

Mpinzani wake alikuwa Swalehe, muuza chumvi, mpwa wa jumbe, mkuu wa kijiji, mtu mpole ambaye hajawahi kugombana hata na nzi. Isihaka hakumwogopa. Aliogopa watu wa jumbe wasije wakawanong'oneza wapiga kura mezani, maana kura zilikuwa za mdomo: unafika, unataja jina, karani anaandika. Basi akamwandikia Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, kurasa tatu, R zote kazijaza kwa kalamu, akiomba mtu yeyote, hata mgombea, asitamke neno ndani ya hatua thelathini kutoka mezani. Bwana Shauri akakubali, akasifu na hati ya zile R.

Siku ilipofika, wa kwanza mezani alikuwa Bibi Kulthumu, aliyewahi kurudishiwa mikorosho yake sita kwa kazi ya Isihaka. Njiani alikuwa amemwambia, "Mwanangu, leo nakupa kura mpaka ushangae."

"Bibi, unamchagua nani?" akauliza karani Anselmo.

Bibi Kulthumu akalitazama daftari. Akaitazama kalamu.

"Sikumbuki."

"Sasa umekuja kumchagua nani?"

"Kwani nimekuja?"

Kutoka hatua thelathini Isihaka akainua mkono na kufungua mdomo. Bwana Shauri naye akainua zile kurasa tatu. Isihaka akaufunga.

Akaja Ausi. "Sikumbuki." Alipoondoka alimkonyeza Isihaka, kama kumwambia: hawajapata kitu kwangu. Nyuma yake wakafuata wateja wote, wamenyooka, wana nidhamu, hakuna aliyetikisika. Isihaka alikuwa hajawahi kuona kazi yake ikifanyika vizuri kiasi kile.

Jioni Swalehe alikuwa na kura kumi na mbili, za watu wasio na kesi. Isihaka alikuwa na kumi na moja: kumi za familia zilizohamia mwaka ule kutoka Mtua, ambazo hajawahi kuzifundisha, na moja ya Swaumu, ambaye hajawahi kumsikiliza kwa lolote. Walibaki wagombea wenyewe. Swalehe aliona aibu kujitaja mbele za watu.

"Mimi mwandikie Bwana Wakili," akasema.

Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Isihaka akasogea mezani. Nyuma, zile hatua thelathini, wateja wake wote walikuwa wakimtikisia kichwa polepole, kama yeye anavyowatikisia dirishani kwa liwali.

"Usimtaje mtu, mwanangu!" Bibi Kulthumu akashindwa kujizuia. Askari akamnyamazisha.

"Unamchagua nani?"

Isihaka akaifikiria suti. "Isihaka bin Mohamedi."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Swaumu alianza, akajikuta peke yake, akaacha.

"Umetaja," Bibi Kulthumu akamwambia njiani.

"Bibi, si jina langu mwenyewe?"

"Ndiyo maana. La kwako umelitoa hivi hivi. La kwangu utalificha?"

Jumatatu kibandani hakuja mtu. Walikuwa wamejipanga dukani kwa Swalehe. Swalehe akawaapia kwamba yeye hajui sheria hata moja, wala hajui kwa nini wamemjia. Wakatazamana. Wakaona huyu ndiye.

Mwezi uliofuata, Nachingwea, Isihaka alisimama barazani ndani ya suti yake. Alizungumza habari za kisima cha Mbekenyera kwa robo tatu ya saa, kwa mdomo wake mwenyewe, na ilikuwa tamu kama alivyodhani. Alipoketi, karani wa baraza akachovya kalamu.

"Na hao wanaolalamika maji, mheshimiwa, ni akina nani? Nahitaji hata jina moja."

Wajumbe wakageuka. Isihaka akaitazama kalamu.

"Sikumbuki," akasema.

Kisima hakikuchimbwa. Lakini habari ilifika Mbekenyera kabla yake, na aliporudi alimkuta Bibi Kulthumu ameketi mlangoni pa kibanda, na kesi mpya.