Émile wa Bujumbura Aomba Pardon

Domitille alifundisha fizikia huko Katuba, mtaa wa jiji la Lubumbashi, na leseni yake ya redio ilimruhusu kuwasiliana kupitia satelaiti ndogo iliyopita juu ya jiji hilo kwa dakika kumi na mbili tu. Kila Jumamosi asubuhi alisimama uani ameshika antena, akaizungusha polepole kama mtu anayechana mawingu.

Mashine yake ilikuwa na ukaidi. Kitufe cha kutuma maandishi ukikigusa, ujumbe ulikwenda mara moja. Ukikikandamiza, ulirudiwa kila sekunde tano, na haukukoma mpaka uizime mashine, ukose majibu yote.

Jumamosi moja akaja jirani yake, Numbi. Mumewe, Émile, alikuwa kazini mgodini Kinsevere, na kwa siku tisa hakushika simu.

"Madame, ile kintu inapita pa Kinsevere?"

"Inapita juu ya kila fasi, mahali pote. Lakini bwana yako hana redio."

"Jaribu tu. Akikosa kusikia, ni shauri yake."

Leseni haikuruhusu mambo ya ndoa. Hata hivyo Domitille aliyaona macho ya jirani yake, akaandika: EMILE RUDI NYUMBANI. NUMBI. Kwa kuwa mikono yake ilihitajika kwenye antena, alimwambia, "Gusa kidogo tu."

Numbi alikuwa na hasira ya siku tisa. Akakandamiza kwa dole gumba.

Majibu ya wenye redio wengine yakaanza kutokea kwenye kioo cha mashine. Dodoma: MIMI SI EMILE. Kigoma: MIMI PIA SI EMILE. Lusaka ikatuma alama ya kuuliza peke yake. Kisha Bujumbura: NI EMILE. NIMEKOSA NINI?

"Huyu ni muntu mwingine," Domitille akasema.

"Anaitwa Émile?"

"Ndiyo."

"Basi aombe pardon."

Satelaiti ilikuwa inazama upande wa kaskazini, na mashine ingali ikirudia RUDI NYUMBANI, jibu lilipofika: PARDON SANA MAMA. SITARUDIA.

Numbi akakaa chini, akalia, akajifuta, akashukuru, akaenda kusonga bukari, ugali wa mchana.

Jumatano mumewe akarudi. Simu yake ilikuwa imeanguka majini, naye njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kujitetea.

"Imekwisha," Numbi akamkata. "Ulishaomba pardon samedi, siku ya Jumamosi."

"Wapi?"

"Kwa satelite. Ulisema hautarudia."

Émile hakupata raha. Jumamosi akavaa shati la pasi, akaenda kwa Domitille. Alitaka kumjua huyo mwanaume anayetoa ahadi kwa jina lake. Domitille akamwandikia swali lake: KWA NINI ULIOMBA PARDON? Kisha akakigusa kitufe kwa uangalifu.

Bujumbura ikajibu: NIMEOA MIAKA AROBAINI. MWANAMKE AKIKUITA KUTOKA MBINGUNI, UNAOMBA KWANZA PARDON. SABABU UTAULIZA BAADAYE.

Émile akasoma mara mbili.

"Madame," akasema, "uko na bic ya kuandika hayo?"