Baiskeli ya Nguzo ya Mwisho

Katika kazi yetu, kiti cha baiskeli kikitazama nyuma maana yake ni moja: mbovu, usiiguse. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Mtu amekodi baiskeli ya mji, mnyororo umekatika au tairi limeisha upepo, anairudisha kituoni, anageuza kiti, anakwenda zake. Kuripoti kwa simu wanaona taabu. Sisi mafundi tukipita jioni na pikapu tunaona kiti kimegeuzwa, tunapakia, tunapeleka karakana.

Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kuitumia sheria hiyo kwa hila. Nyumbani tulimwita Chapuchapu, kwa sababu alizaliwa mlangoni mwa hospitali, mama hajamaliza hata kushuka kwenye teksi, na tangu siku hiyo hakuwahi kusubiri kitu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo, zamu ya alfajiri, na kila akifika kituo cha juu ya mteremko alikuta baiskeli zimeisha. Akichelewa dakika kumi, msimamizi alimnunia wiki nzima.

"Kaka, si wewe ndiye mwenye baiskeli? Niwekee moja basi."

"Mimi si mwenye baiskeli. Mimi mwenye grisi."

"Basi niwekee hiyo grisi niteleze nayo mpaka kazini."

Nilicheka, na mimi nikicheka mbele yake nimeshashindwa. Nikamwambia, jioni ukirudi iweke kwenye nguzo ya mwisho ya kituo, geuza kiti. Watu watadhani mbovu. Asubuhi unakirudisha, unapanda. Sisi tutaiacha. Dereva wa pikapu, ambaye tunamwita Mzee Pole kwa mwendo wake, alikubali bila maneno mengi. Miezi minne, kila tukifika pale alisema, "Ya binti yetu ile," tukapita. Nami nilijiona mjanja, mtu mzima na akili zangu.

Siku ile tulipita saa kumi na moja jioni. Nguzo ya mwisho, kiti nyuma. Kuminya breki mbili ni kufumba na kufumbua. Sikushuka garini.

Asubuhi yake Chapuchapu aligeuza kiti kama kawaida, akapanda, akateremka. Kule chini njia inakatana na barabara ya malori. Kinyozi aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake alimwona akipita anaburuza viatu chini, anajaribu kusimama. Hakuweza kusimama. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Kinyozi yuleyule alikuja kutupa pole, na katika maongezi akanieleza ya jioni iliyotangulia, kabla pikapu yetu haijapita. Mtu mmoja aliichukua ile ya nguzo ya mwisho, akarudisha kiti, akaondoka nayo, maana wajanja mjini ni wengi. Haijapita robo saa akaja mwingine anasukuma yake. Akasema breki zimekufa zote mbili. Nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo moja tu, akaiweka hapo na kugeuza kiti. Huyo wa pili alifanya sawasawa alivyotakiwa. Zote ni za rangi moja, na namba nani anazisoma gizani alfajiri? Mimi nilipita jua halijazama na sikuisoma. Kinyozi hakujua ananiambia nini.

Ofisi iliandika kwamba mtumiaji wa mwisho hakuripoti hitilafu kwa simu, ikafunga jalada. Habari ya kiti hakuna aliyeiuliza. Mzee Pole aliniangalia mara moja tu, akaomba likizo. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina mjukuu, nina mama, na mama alikuwa na swali moja, chakula kikipoa mbele yake.

"Baba, nani aliiona ile baiskeli akaiacha pale?"

"Sijui, mama."

Nilisema sijui kila siku kwa wiki tatu. Wiki ya nne mama akaanza kwenda kituoni. Kila asubuhi alifika mapema akageuza viti vyote, kumi na vitano, kimoja baada ya kingine, ili mtoto wa mtu asipande. Watu walikuja, wakaona zote mbovu, wakaondoka wanatukana. Wakubwa wakanituma mimi nikamtoe, kwa kuwa ni mama yangu.

Nilimkuta kwenye kiti cha saba, mikono imejaa grisi kama yangu. Sikumwambia aache. Nilishika baiskeli ya kwanza, nikaminya breki ya mbele, nikaminya ya nyuma, nikaisukuma nione kama inashika, ndipo nikarudisha kiti. Ya pili vilevile. Mama aliacha alichokuwa akifanya, akawa ananitazama. Nilipofika nguzo ya mwisho sikuigusa baiskeli.

"Mama, ni mimi niliyeipita."

Aligeuka kuitazama nguzo ya mwisho.

"Nilidhani ni yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kugeuza kiti, asichelewe kazini."

Alikaa kwenye ukingo wa barabara. Nilingoja anipige, na angenipiga ningeshukuru.

"Alikuwa akijisifu," alisema. "Kila jioni akivua viatu anasema: Mama, watu wanagombania baiskeli, mimi kaka ananiwekea yangu. Na mimi nikifurahi, nasema wanangu wanapendana."

Nililia pale mbele ya watu na sikuona aibu. Mama hakulia. Alijifuta mikono kwenye gauni, akainuka, akanyoosha kidole kwenye nguzo ya mwisho.

"Hiyo umeijaribu?"

"Bado, mama."

"Ijaribu."

Tangu nizaliwe alikuwa akiniita baba. Siku hiyo hakuniita, na hajaniita tena. Niliijaribu. Breki zilishika zote mbili.