Mfungo wa Mwaitu Syokau

Siku hiyo mjinga alikuwa Nyamai, na hakuna haja ya kumtafutia wakili. Alishuka Migwani mchana amekumbatia kopo jipya la maziwa ya unga kama mtu anayepeleka jogoo kwa wakwe, akitabasamu peke yake. Yale manne aliyoacha nyumbani, alihesabu, yalikuwa yamekaribia kuisha.

Mama yake, Syokau, ambaye wanawe walimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alikuwa amepigwa na kiharusi, koo likakataa kumeza. Hospitalini walimtia mpira mwembamba wa kupitisha chakula puani hadi tumboni, kisha muuguzi akawaketisha watoto wake wawili wachague: chakula cha nyumbani kilichosagwa na kuchujwa, au maziwa maalumu ya kopo. Wavinya alitaka supu ya mbuzi na uji wa wimbi. Nyamai akasema uji utaziba mpira. Walivutana hadi muuguzi akaenda kunywa chai. Mwishowe Wavinya akasema, "Haya kaka, wewe ndiwe kifungua mimba. Kopo." Nyamai akarudi kazini Kiboko akijisifu kwamba, tangu wazaliwe, leo ndiyo dada yake amemsikiliza.

Kila jioni alipiga simu.

"Mwaitu amekula?"

"Ameshiba, kaka, mpaka anasinzia."

Hata shemeji Kaloki, aliyempokea steji na kumbebea mkoba, alimwambia, "Utampata ametulia."

Ndiyo, alikuwa ametulia. Macho yalikuwa yamezama, mashavu yameliwa. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulishika shati la mwanawe ukakataa kuachilia. Nyamai alifungua kabati kwa mkono mmoja. Makopo mawili hayakuwa yamefunguliwa.

Alimpigia muuguzi. Akaambiwa ampe kidogo sana, polepole, na wamlete hospitali leo hii. Kaloki akatumwa kutafuta gari, akaondoka mbio kama mtu aliyefurahi kutumwa.

"Wavinya! Siku ngapi?"

Dada alitokea sebuleni walikoketi akina mama wa maombi. "Tatu. Maji tulimpa."

"Na kwa simu?"

"Ningekwambia, ungekubali?"

Nyamai aliwatazama akina mama mlangoni. Kila mmoja akapata kitu cha kuangalia sakafuni. Kumbe kijiji kizima kilikuwa na habari ya mama yake, isipokuwa yeye aliyemletea maziwa! Akalitazama lile kopo kwapani, akaona aibu kama amekutwa uchi sokoni.

"Mmemnyima chakula mgonjwa, halafu mnamwimbia."

"Usitutukane!" Machozi yalikuwa yameanza kumtoka Wavinya. "Mwaitu hajawahi kukosa mfungo tangu nipate akili. Kanisa lifunge kwa ajili yake, halafu yeye mwenyewe tumvunjie mfungo kwa kopo? Mimi ndiye namgeuza, namuosha, nalala hapo chini kwa mkeka. Wewe unapiga simu. Nani anamjua? Sema, kaka, nani anamjua?"

Kweli, Nyamai hakujua mama yake angetaka nini. Alijua tu ule mkono kwenye shati, na mkono hauwezi kubishana na mtu aliyelala kwa mkeka.

Basi Kasyoki, rafiki wa Syokau wa maombi tangu ujana wao, akajipenyeza katikati ya wenzake na fimbo yake.

"Wavinya, binti yangu. Mimi niliambiwa ni mchana tu. Jioni, sisi tukienda kula, mama yako mlimpa nini?"

"Maji. Hapa nyumbani tuliweka siku tatu za maji tu, mama, ili Mungu aone tumemaanisha. Na Mwaitu anaujua mfungo kuliko sisi wote."

"Anaujua," Kasyoki akasema. "Nimefunga naye miaka arobaini, na kila jua likizama, wa kwanza kuuliza sufuria iko wapi alikuwa ni yeye."