Faili la Marehemu Mzee Komba

Niliota usiku wa jana kwamba ile kazi niliyoipanga kwenye kompyuta imekuja kuniona, imevaa kaptula na imebeba gunia.

Nieleze kwanza. Mimi ni fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ya maji. Wiki nzima nimekuwa nikipanga kazi ya kujiendesha yenyewe: ipite kwenye kompyuta zote za zamani, ikusanye mafaili ya barua pepe, iyahamishie kwenye mtambo mpya. Leo saa nane mchana kompyuta hizo zinafutwa. Faili moja tu limenitesa, la marehemu Mzee Komba, fundi pampu. Binti yake Skolastika ameniomba mara tatu barua ambazo baba yake alimwandikia alipokuwa masomoni. Kila nikijaribu, jibu ni lile lile: limerukwa.

Kumbe bwana Kazi ana mdomo!

"Umeandika faili lisilo na mwenyewe liachwe," anasema. "Nimeliacha. Unanilaumu nini?"

Faili lenyewe limekaa kwenye benchi la zahanati. Ofisi imeshageuka zahanati, wala hakuna anayeshangaa. Limeshika kadi namba sitini na moja.

"Mwenyewe ninaye," linasema. "Amefariki tu."

Nikapandwa na hasira. "Si umesikia? Lichukue!"

"Siwezi. Liko wazi, linasomwa. Sheria ni yako, usinitolee macho."

Kweli. Mzee Komba yuko pale pale, miwani puani, anasoma polepole. Zahanati sasa ni nyumba ya pampu na maji yanatufika vifundoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ngoja nimalize."

"Mzee, saa nane yanafutwa yote. Lifunge tafadhali, nimpelekee Skola."

Anavua miwani, ananitazama mpaka naona aibu.

"Utampelekea kweli?"

"Haki ya Mungu."

Analifunga taratibu, kama mtu anayerudisha mlango mtoto amelala.

"Haya. Kwenye jina la mwenye faili, andika Kisamvu."

"Mzee, hapo panaandikwa jina la mtu, si mboga."

"Andika, mwanangu."

Nikaandika. Bwana Kazi akalitia faili guniani, akauliza kama kuna soda, nikamwambia hakuna, akaenda zake.

Asubuhi nilikimbilia ofisini hata chai sijanywa. Nikafungua ripoti. Yaliyorukwa: sifuri. Nikateremka hadi faili la Mzee Komba. Limekusanywa saa kumi na moja alfajiri. Mwenye faili: Kisamvu.

Nywila ya kubadilisha hapo ninayo mimi peke yangu, na mimi nilikuwa kitandani nakoroma.

Nikampigia Skolastika.

"Dada, samahani kwa swali la kijinga. Kisamvu ni nani?"

Nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja.

"Nani kakwambia? Aliyeniita hivyo ni Baba tu, tukiwa wawili."

Nikalitazama tena jina lile kwenye ripoti.

"Njoo na flashi," nikamwambia. "Kubwa."