Sekunde Sitini za Mapambo

Saa nne kasorobo asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha chuo cha wakunga, Mkaguzi alivua saa yake ya mkononi akailaza mezani taratibu, kama daktari anayeandaa kisu.

"Dakika moja tu," alisema. "Mwanafunzi anashika simu, anaingia kwenye kozi mpya ya mtandaoni, anatafuta hatua za kufuata mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Akizipata, kozi inapita. Asipozipata, wakunga wa zahanati za mbali wataendelea kusubiri semina ya mwakani, na mtengenezaji wa kozi tutaagana naye."

Mtengenezaji mwenyewe alikuwa amejibana ukutani. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na ilibaki wiki moja. Pale chuoni aliitwa Mapambo, jina alilobandikwa na shangazi yake mwenyewe, kwa kuwa binti huyo hata orodha ya vitu vya sokoni aliiandika kwa kalamu za rangi tatu. Shangazi ndiye mkunga aliyefundisha kozi hiyo darasani kwa miaka ishirini na sita, ndiye aliyemwombea Mapambo kazi, na sasa alisimama kando yake, mikono kifuani, akinukia sabuni ya hospitali.

"Umekula?" Shangazi alimnong'oneza.

"Sijui."

"Mtu hajui kama amekula?"

"Shangazi, tumbo langu leo limefunga ofisi."

Mkaguzi akawatazama juu ya miwani. "Hakuna kusema. Hakuna kikohozi cha kuashiria. Hakuna kurefusha shingo. Mwanafunzi aingie."

Aliingia msichana mwembamba wa mwaka wa pili, akapewa simu ya chuo. Alipobonyeza, kioo kizima kikajaa maua ya zambarau yaliyozunguka mkono wa mtoto mchanga.

Lile bango Mapambo alilihangaikia siku nne. Kwenye kompyuta yake lilikaa juu kabisa, jembamba, la heshima. Hapa kwenye simu lilikuwa limemeza ukurasa wote. Msichana alilitazama, akatabasamu, kisha akatulia kama mgeni aliyebisha hodi anayesubiri kufunguliwa.

Sekunde kumi. Kumi na tano.

Shuka, Mapambo aliomba kimoyomoyo. Mpenzi, somo lipo chini, shuka.

Msichana akashuka. Hapo video ikaanza yenyewe, Mkuu wa Chuo kwa sauti ya juu: "Wanafunzi wapendwa, ni furaha isiyo na kifani..." Msichana akashtuka, akatafuta pa kumnyamazisha Mkuu, akamnyamazisha sekunde ya thelathini na moja. Ndipo akafika kwenye visanduku kumi na viwili vya masomo, kila kimoja na rangi yake na jina alilolitunga Mapambo kwa mapenzi yote: Alfajiri Njema, Pumzi ya Kwanza, Mto Mwekundu, Mikono Salama.

Akabonyeza Mikono Salama. Kunawa mikono. Akarudi, ukurasa ukamtupa juu kabisa kwenye maua. Akashuka tena mbio, akabonyeza Pumzi ya Kwanza. Huduma ya mtoto.

"Muda," Mkaguzi alisema.

Msichana aliweka simu mezani kana kwamba imemuunguza. "Samahani," alisema, akatoka bila kumtazama mtu.

"Nina mwanafunzi mmoja tu aliyebaki," Mkaguzi alisema akivaa koti. "Nakwenda kunywa chai. Dakika ishirini na tano."

Mlango ulipofungwa, Shangazi hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Mto Mwekundu ndiyo nini?"

"Ndiyo... damu, Shangazi. Nilitaka ivutie."

"Damu haina haja ya kuvutia, mwanangu. Inajitokeza yenyewe." Akaichukua ile simu. "Hii kozi uliwahi kuiangalia kwenye simu?"

"Kuna kitufe cha kuiona kama mwanafunzi. Nilikibonyeza kila siku."

"Kwenye kompyuta yako."

"Kwenye kompyuta yangu," Mapambo alijibu.

Shangazi akakunja mikono ya blauzi, akaweka kiganja cha kushoto juu ya mto wa kiti, akaanza kuusugua kwa nguvu. "Haya. Niko peke yangu zahanati. Mkono huu uko tumboni kwa mama, haubanduki. Nimebaki na kidole gumba hiki kimoja. Nipeleke."

Kidole gumba kikahangaika juu ya maua. Kikanyooka kuifikia orodha iliyo pembeni juu ya kioo, hakikufika. Mapambo aliutazama ule mkono unaosugua. Kozi yake alikuwa ameitengenezea mtu aliyekaa, mwenye mikono miwili na kikombe cha chai.

Akavuta kiti, akafungua kompyuta. Akaligusa bango. Mfumo ukamuuliza: *Una uhakika unataka kufuta?*

"Na wenyewe unanidhihaki," alisema, akafuta. Video ya Mkuu akaishusha chini kabisa na kuizuia isijianzishe.

"Mkuu atanuna," Shangazi alisema.

"Wewe mkubwa mwenzake, utambembeleza. Sasa niambie, mkunga akipagawa anasema nini?"

"Anasema mama anavuja."

Mapambo akaandika kwenye kisanduku cha kwanza: Mama anatokwa na damu nyingi. Cha pili: Mtoto halii. Cha tatu: Kondo la nyuma halijatoka. Cha nne: Mama ana degedege. Vinne hivyo akavipanga juu, vipana, mahali kidole gumba kinapofika. Masomo ya kila wiki yakafuata chini.

"Viweke vyote vyekundu," Shangazi aliamuru. "Herufi kubwa!"

"Hapana. Ukipiga yowe kila mahali, hakuna atakayekusikia. Chekundu ni kimoja tu, cha damu. Vingine vikae kwenye weupe vipumue." Akafungua somo lenyewe, akasimamisha mikono. "Shangazi, hapa juu kuna kurasa mbili za asili ya maneno ya kitabibu."

"Hizo usiguse. Nimezifundisha miaka ishirini na sita."

"Mama anavuja, Shangazi."

"Futa," Shangazi alisema, na kugeukia dirisha.

Zilibaki hatua tano, kila moja mstari mmoja na mchoro wake. Mapambo akabonyeza kuhifadhi. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Koridoni viatu vya Mkaguzi vilikuwa vinakuja. Kiduara kikazunguka. Viatu vikasimama mlangoni. *Imehifadhiwa.*

Mwanafunzi wa pili alikuwa mama wa makamo aliyerudi shule, mpana wa mabega na wa vidole. "Nasema mapema," alitangaza, "simu hizi na mimi hatupatani."

Shangazi akamfinya Mapambo mkono.

Mama yule akabonyeza. Akaisogeza simu mbali na macho, akasoma midomo ikicheza. Sekunde ya tisa akagusa kile chekundu. Kioo kikawa cheupe tupu.

Mtandao unasuasua. Ishirini. Thelathini. Mkaguzi alikuwa anaitazama saa tu. Arobaini. Mapambo alitaka kusema subiri, mama, usirudi nyuma, na akaung'ata ulimi mpaka machozi yakamlengalenga. Kidole kipana kilikuwa kimeanza kuelekea kwenye kitufe cha kurudi, ukurasa ulipofunguka.

"Ita msaada," mama akasoma kwa sauti. "Sugua mji wa mimba mpaka ukaze..." Na mkono wake wa kushoto, bila yeye kujua, ukaanza kusugua hewa.

"Hamsini na mbili," Mkaguzi alisema. Akavaa saa yake. Akatia sahihi. "Somo hili limepita. Hayo mengine kumi na moja?"

"Ijumaa," Mapambo alisema.

"Ijumaa asubuhi. Na wewe utayamaliza hapahapa, hatuagani."

Shangazi alikuwa bado ameung'ang'ania mkono wake. Mapambo akajinasua taratibu, akachukua simu, akatoka nje. Yule msichana mwembamba alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni, macho mekundu.

"Nimefeli mbele ya Mkaguzi," alisema. "Watanirudisha mwaka wa kwanza?"

"Hukufeli wewe. Ulikuwa mtihani wangu, na mimi ndiye niliyeufeli."

Msichana akamtazama, akipima kama anataniwa.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi ungetoka wewe ukalie huku, dada. Hili benchi lina msumari."