Sheria ya Kusema Kwanza

Dada yangu mkubwa anauza sabuni, krimu na unga wa kupunguza tumbo, ila ukimwita muuzaji atakununia mpaka kesho. Yeye ni Mkurugenzi Huru. Kampuni ndiyo iliyompa cheo hicho, na ili asinyang'anywe lazima kila mwezi anunue bidhaa zao, ziuzike zisiuzike. Basi nasi nyumbani tunamwita Mkurugenzi, yaishe.

Wiki hiyo alikuwa hashikiki. Redio ilitangaza kwamba serikali inapendekeza kanuni mpya: anayetaka kumwingiza mtu kwenye biashara ya aina yake amweleze kwanza, waziwazi, yeye mwenyewe amebakiwa na nini mwaka uliopita baada ya kutoa gharama. Kisha ampe muda wa kufikiri.

"Muda wa kufikiri!" alifoka. "Sasa mtu akishafikiri atajiunga kweli?"

Ningecheka, lakini Mama alikuwa ameshapata mnunuzi wa cherehani yake. Mkurugenzi alikuwa hatarini kushushwa cheo, na dawa ilikuwa moja tu: kumpata mtu mpya wa kununua furushi la kuanzia. Mtu mwenyewe ni Mama, na pesa ni za cherehani. Cherehani ile imetulisha na kutusomesha, na mpaka leo sare za shule za mtaa mzima zinashonwa pale. Nilipopinga, Mama aliniambia niache wivu. Nilitoka nje nikaipiga teke ndoo, na mguu ukaniuma siku mbili.

Jumamosi Mkurugenzi aliita timu yake sebuleni kwetu waandike pingamizi. Walikuja wifi, shangazi, binamu yetu kinyozi, na jirani tunayepakana naye ukuta. Wote Wakurugenzi. Viti havikutosha, wakakalia makatoni ya sabuni, ambayo kwetu hayajawahi kupungua.

"Kanuni hii itatumaliza," kinyozi alianza. "Wateja watatukimbia."

"Wateja gani?" niliuliza.

"Hebu tuondolee mdomo wako hapa," shangazi alinikatiza. "Haya ni mambo ya wafanyabiashara."

Wifi, ambaye anajiona ana akili kuliko sisi, akatoa wazo. Waigize hayo maelezo, kisha waiandikie serikali kwamba wamejaribu na haiwezekani. Mama awe mgeni anayetaka kujiunga. Mama akavua miwani, akakaa vizuri.

Mkurugenzi alisimama, akakohoa kidogo. "Mama mpendwa, karibu kwenye uhuru wa kifedha. Mwaka jana, mimi binafsi, nilipata..." Akakwama. "Tuseme mauzo, au?"

"Kilichobaki mkononi, mwanangu."

"Kuna watu wanapata sana, Mama."

"Nakuuliza wewe."

Alimtazama wifi, ambaye hununua kwake. Wifi akamtazama shangazi, ambaye hununua kwa wifi. Shangazi akamgeukia kinyozi, na kinyozi akageukia ukuta.

"Basi niambie hili tu," Mama alisema kwa upole. "Nani amewahi kununua ambaye hayumo humu ndani?"

Jirani akanyoosha mkono. "Mimi?"

"Wewe umo," shangazi akamwambia.

Mkurugenzi akakaa chini, sakafuni kabisa. "Sijabakiwa na kitu, Mama. Sijawahi."

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa hamu, na maneno ya kumkomesha nilikuwa nayo tele. Yote yakanitoka kichwani. Nilimwonea huruma, na ikaniudhi kwamba namwonea huruma.

"Nipe simu yako," Mkurugenzi alimwambia Mama. Akampigia mnunuzi. "Kaka, cherehani haiuzwi, samahani sana." Tukashusha pumzi. Lakini hakukata. Alitega sikio, na uso wake ukaanza kung'aa kwa namna ninayoijua. "Kaka, mbona sauti yako ni ya mtu mwenye malengo? Kuna fursa moja nataka..." Macho yake yakakutana na ya Mama. "Ila kwanza nikwambie mimi mwenyewe nimepata nini."

Akamwambia. Simu ikakatwa.

"Mmeona?" shangazi aliruka. "Ukweli kidogo tu, mtu kakimbia! Andikeni hilo, andikeni haraka."

Wakaandika, wakatia sahihi wote wanne. Mkurugenzi hakuinuka. Alikuwa amelaza kichwa mapajani kwa Mama, analia kwa sauti, na Mama alimwambia alie tu.